Mittelholzer: Rubani aliyeitazama Kibo kutoka juu

WAKAZI wa Thika na Ruiru, waishio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huuona Mlima Kenya asubuhi zisizo na mawingu. Kilele chake, Batian, kina mita 5,199. Ndege ya kivita ya Fokker E.III, yenye safu moja ya mabawa, iliyotia hofu anga za Ulaya mwaka 1915, ilikomea mita 3,600 hivi. Isingeweza kukivuka kilele hicho, sembuse Kibo yenye mita 5,895.

Aliyeivuka Kibo kwanza ni Walter Mittelholzer, Mswisi aliyezaliwa St. Gallen mwaka 1894, mwana wa mwoka mikate. Alisomea upigaji picha, akaingia jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuhitimu urubani wa kijeshi mwaka 1918. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni ya ndege pamoja na Alfred Comte. Kati ya Desemba 1926 na Februari 1927 alisafiri kutoka Zurich hadi Cape Town kwa ndege ya kutua majini.

Januari 1930 alikuwa Afrika Mashariki tena, safari hii akiwa rubani wa tajiri Louis von Rothschild aliyekuja kuwinda Serengeti. Chombo chake kilikuwa cha abiria, chenye injini tatu, kazi ya kiwanda cha Anthony Fokker yuleyule. Kupaa juu ya Kibo hakukuwa mzaha. Kwenye kimo hicho hewa ni nusu tu ya ile ya pwani. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hukosa cha kuegemea, naye rubani hutweta. Mittelholzer alivuka, akaipiga picha kreta na barafu yake.

Vitabu vyake viliuzwa sana Ulaya, ingawa Waafrika wamo humo zaidi kama mandhari kuliko watu.

Mwaka 1931 akawa mkurugenzi wa ufundi wa Swissair. Alifariki Mei 1937, si angani, bali akikwea milima Austria.

Picha zake zimehifadhiwa Zurich. Barafu aliyoipiga imeyeyuka kwa kiasi kikubwa: zaidi ya robo tatu ya ile iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imetoweka, na weupe wa Mlima Kenya nao umebaki vipande.