Gichin Funakoshi: Mwalimu wa shule aliyeitoa karate gizani

Karate inayofundishwa leo katika kumbi za mitaani, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi London, ina deni kubwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyezaliwa katika kisiwa kidogo cha Okinawa, kusini mwa Japani.

Mwalimu huyo ni Gichin Funakoshi, ambaye jina lake limefungamana na mtindo wa Shotokan, mmojawapo wa mitindo ya jadi yenye wafuasi wengi zaidi duniani.

Alizaliwa mjini Shuri mwaka 1868 kabla ya siku zake kutimia, akawa mtoto dhaifu ambaye jamaa zake hawakutarajia angeishi muda mrefu. Alilelewa na babu na bibi yake wa upande wa mama.

Alitamani kuwa daktari. Hata hivyo, familia yake ilishikilia desturi ya wanaume wa tabaka lao ya kufunga fundo la nywele utosini, desturi iliyopigwa marufuku na serikali mpya ya Japani. Aliyekuwa na fundo hilo hakuruhusiwa kuingia chuo cha udaktari.

Mwaka 1888 alichagua kazi ya ualimu, akakata nywele zake. Wazazi wake walighadhabika mno.

Mafunzo ya usiku

Wakati huo karate ilifundishwa kwa siri. Funakoshi alikwenda usiku nyumbani kwa Anko Asato, baba wa mwanafunzi mwenzake, akafanya mazoezi kwa mwanga wa taa huku mzee huyo akimtazama kutoka barazani. Majirani waliomwona akirejea alfajiri walidhani anatoka kwenye madanguro.

Mwalimu wake wa pili alikuwa Anko Itosu. Msingi wa mafunzo ulikuwa kata, yaani mfululizo wa miondoko ya kupiga na kujikinga ambayo mtu huifanya peke yake, kana kwamba amezungukwa na maadui wasioonekana. Funakoshi alitumia miaka kumi kujifunza kata tatu tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu alifanikisha kuingizwa kwa karate katika shule za Okinawa. Ilichofichwa usiku sasa kikafundishwa mchana, tena kwa watoto. Mwaka 1921 Funakoshi aliongoza maonyesho mbele ya mrithi wa kiti cha ufalme, Hirohito, katika kasri la Shuri.

Mfagizi wa bweni

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 53, alisafiri kwenda Tokyo kwa maonyesho ya elimu ya viungo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alimwalika aionyeshe sanaa yake katika ukumbi wake. Funakoshi alikusudia kurudi nyumbani mapema, lakini maombi ya kumtaka afundishe yalimfanya abaki. Mkewe alibaki Okinawa.

Maisha ya Tokyo yalikuwa ya dhiki. Alipewa chumba kidogo katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, naye akawa mlinzi na mfagizi wake. Alimfundisha mpishi karate ili apunguziwe bei ya chakula.

Siku moja mwandishi wa habari alimkuta akifagia, akamuuliza aliko bwana Funakoshi. Mzee alimwomba asubiri, akaingia ndani, akabadili mavazi, kisha akatoka kumpokea mgeni wake rasmi.

Taratibu vyuo vikuu vilifungua milango, cha kwanza kikiwa Keio mwaka 1924. Mwaka huohuo alitoa mikanda myeusi ya kwanza, akifuata mfano wa judo.

Katika miaka ya 1930 alitetea mabadiliko ya maandishi ya jina lenyewe. Herufi za zamani zilimaanisha mkono wa China. Mpya, zenye matamshi yaleyale, zilimaanisha mkono mtupu. Wapo Waokinawa waliomlaumu kwa kufuta kumbukumbu ya asili ya sanaa hiyo, hasa katika miaka ambayo Japani ilikuwa ikiingia vitani na China. Yeye alieleza kwamba utupu huo ni wa mkono usio na silaha, na pia wa moyo uliotakaswa na ubinafsi.

Hasara ya vita

Wanafunzi wake walimjengea ukumbi mjini Tokyo, wakauita Shotokan, kutokana na jina lake la ushairi, Shoto, lenye maana ya mvumo wa misonobari.

Ukumbi huo uliteketezwa na mabomu mwaka 1945. Mwaka huohuo mwanawe Yoshitaka, aliyetarajiwa kumrithi, alifariki kwa kifua kikuu. Wengi wa wanafunzi wake hawakurudi kutoka vitani. Mkewe aliikimbia Okinawa iliyoharibiwa na vita, wakakutana tena katika kisiwa cha Kyushu, naye akafariki mwaka 1947.

Funakoshi alirudi Tokyo, akaendelea kufundisha.

Aliyoyakataa

Hakupenda mashindano ya kupigana. Kwake karate ilianza na kumalizika kwa heshima, na mkono haukupaswa kuinuliwa kwanza. Alifariki tarehe 26 Aprili 1957, akiwa na umri wa miaka 88. Miezi michache baadaye, Chama cha Karate cha Japani, kilichoanzishwa na wanafunzi wake, kiliandaa mashindano ya kwanza ya taifa.

Mwaka 2021 karate ilishindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Tokyo. Haikuwemo tena katika michezo ya Paris mwaka 2024, na wapenzi wengi wa mchezo huo walisikitika.

Mtu aliyeitoa karate gizani hakuweza kuamua ingeelekea wapi baada ya kuiona nuru. Lakini mwalimu wa jadi, hata katika ukumbi usio na kombe wala medali, bado huanza somo kwa kuwataka wanafunzi wainamishe vichwa. Hilo ndilo somo ambalo Funakoshi alitaka libaki.