Gertrude Lawrence: Malkia wa jukwaa aliyezikwa na gauni la dansi

SEPTEMBA 1952, taa za nje za kumbi za maonyesho katika eneo la Broadway, jijini New York, Marekani, zilififishwa kwa muda. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika jiji la London, Uingereza, kumbi za West End nazo zilifanya vivyo hivyo.

Heshima hiyo haikuwa ya rais wala ya malkia. Ilikuwa ya mwigizaji wa jukwaani, mtoto wa familia ya kawaida ya London, aliyefariki dunia akiwa bado kinara wa mchezo uliokuwa ukijaza ukumbi jioni baada ya jioni. Jina lake ni Gertrude Lawrence.

Kisa cha mwalimu wa Kiingereza aliyekwenda kufundisha watoto wa mfalme wa Siam, nchi ambayo leo inaitwa Thailand, kinajulikana na wapenzi wengi wa sinema. Wengi walikifahamu kupitia filamu ya The King and I ya mwaka 1956. Lakini si wengi wanaofahamu kwamba kabla ya filamu hiyo kulikuwa na mwanamke aliyekitafuta kisa hicho mwenyewe, akawashawishi watunzi wakifanye tamthilia ya muziki, kisha akakipa nguvu zake zote za mwisho.

Gertrude Lawrence alizaliwa Julai 4, 1898, jijini London. Baba yake, Arthur Klasen, alikuwa na asili ya Denmark na alijipatia riziki kwa kuimba kwa sauti nzito kwenye kumbi za burudani, akitumia jina la Arthur Lawrence. Ulevi wa baba huyo uliivunja ndoa yake mapema, na binti akalelewa na mama yake pamoja na baba wa kambo.

Maisha hayakuwa mepesi. Hata hivyo, kipaji kilijitokeza akiwa bado mdogo. Mwaka 1904 familia ilikwenda mapumzikoni katika mji wa pwani wa Bognor. Huko kulikuwa na tamasha ambalo watazamaji walikaribishwa kupanda jukwaani, na mama yake akamhimiza ajitokeze. Mtoto huyo wa miaka sita aliimba, na malipo yake yalikuwa sarafu ya dhahabu ya pauni moja. Huo ndio ukawa ujira wake wa kwanza katika kazi iliyodumu karibu nusu karne.

Mwaka 1908 mama yake, aliyekuwa akiimba katika kundi la waitikiaji, alipata nafasi katika onyesho la sikukuu kwenye ukumbi wa Brixton, na binti yake akachukuliwa pia. Baadaye alisomeshwa na Italia Conti, mwalimu maarufu wa watoto waigizaji. Mwaka 1913 alishiriki katika mchezo wa Hannele, na humo akakutana na mvulana mmoja mwenye ulimi mwepesi na ndoto kubwa, Noël Coward. Urafiki wao ulidumu hadi kifo kilipowatenganisha.

Akiwa bado kijana wa umri mdogo, Lawrence alimfuata baba yake mzazi na kuzunguka naye miji mbalimbali ya Uingereza. Mwaka 1916 mtayarishaji André Charlot alimwajiri jijini London katika maonyesho ya mseto wa vichekesho, nyimbo na dansi. Kazi yake ilikuwa ya akiba. Alipaswa kumshikia nafasi Beatrice Lillie iwapo nyota huyo angeugua. Aliolewa na Francis Gordon-Howley, mwalimu wa dansi aliyemzidi umri kwa miaka mingi, na mwaka 1918 akajifungua binti yake pekee, Pamela. Ndoa hiyo haikudumu.

Aliishi na kufanya kazi bila kufuata sana taratibu, na Charlot alifikia hatua ya kumfukuza. Lakini mwaka 1923 Coward alimpa nafasi katika onyesho lake, London Calling!, na watu wakaanza kulikumbuka jina lake. Januari 1924, Charlot aliyekwishapatana naye alivuka bahari na kikosi chake hadi New York. Lawrence, Lillie na Jack Buchanan waliiteka Broadway. Wamarekani walizoea maonyesho yenye mapambo mengi na wasichana wengi jukwaani. Sasa waliletewa watu wachache wenye mzaha mwepesi na umahiri mkubwa.

Miaka miwili baadaye, Novemba 8, 1926, alifungua mchezo wa Oh, Kay!, ambao muziki wake ulitungwa na George Gershwin na maneno na kaka yake, Ira. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwigizaji wa Kiingereza kuwa nyota wa tamthilia ya muziki ya Kimarekani kwenye Broadway kabla ya mchezo wenyewe kuonyeshwa kwao. Katika wimbo mmoja wa upweke hakuimba akiwa na mpenzi wala mbele ya kundi la wachezaji. Aliimba peke yake, akiwa amepakata mwanasesere wa vitambaa ambaye Gershwin mwenyewe alikuwa amemnunua. Ukumbi ulinyamaza.

Hapo ndipo ilipo siri ya mwanamama huyu. Sauti yake haikuwa kubwa, upeo wake ulikuwa mfupi, na mara kwa mara ilishuka chini ya ile ya ala. Walikuwapo waimbaji wengi waliomzidi kwa mbali. Lakini alipotembea, alipogeuza shingo au alipotua kidogo kabla ya neno, macho ya watu hayakubanduka kwake. Waliokwenda kumwona waliyasamehe masikio yao.

Mwaka 1930 Coward alimwandikia mchezo wa Private Lives, wa mume na mke walioachana ambao wanakutana tena, kila mmoja akiwa kwenye fungate ya ndoa mpya. Waliuigiza pamoja London na baadaye New York, na mpaka leo mchezo huo unahesabiwa miongoni mwa vichekesho bora vya Kiingereza. Mwaka 1936 wawili hao walirudi pamoja katika Tonight at 8.30, mfululizo wa michezo mifupi.

Nyuma ya pazia, mambo hayakuwa shwari. Lawrence alipenda magari, nguo na karamu, na alitumia fedha kama mtu asiyejua kwamba kesho ipo. Mwaka 1935 alitangazwa muflisi, madeni yake yakiwa yameizidi mali yake mara nyingi. Hakukimbia. Aliendelea kuigiza jukwaani usiku na kupiga filamu mchana ili awalipe wadai wake kidogo kidogo.

Kazi ndiyo iliyomwinua tena. Januari 23, 1941, alifungua Lady in the Dark, mchezo wa Moss Hart wenye muziki wa Kurt Weill, Mjerumani aliyewakimbia Manazi, na maneno ya Ira Gershwin. Lawrence aliigiza mhariri wa jarida la mitindo anayemwendea mtaalamu wa magonjwa ya akili. Muziki karibu wote ulisikika ndani ya ndoto zake. Lilikuwa jambo geni kwa tamthilia za muziki za wakati ule.

Wakati mchezo huo ukijaribiwa Boston, kijana asiyejulikana sana, Danny Kaye, alitamka makumi ya majina ya watunzi wa Kirusi kwa chini ya dakika moja, na watazamaji wakashangilia bila kukoma. Wenzake waliingiwa na hofu, kwani wimbo uliofuata ulikuwa wa Lawrence, na nyota angeweza kutaka kijana huyo apunguzwe. Badala yake alisubiri kelele zishuke, kisha akauimba wimbo wake kwa maringo na mzaha ambao hakuwahi kuuonyesha katika mazoezi. Shangwe zikawa kubwa zaidi. Wimbo wa Kaye haukuguswa.

Wakati huo alikuwa amekwishaolewa tena. Mume wake, Richard Aldrich, alikuwa mtayarishaji wa michezo kutoka familia ya kale ya Massachusetts. Walifunga ndoa Julai 4, 1940, siku ya kuzaliwa ya bibi harusi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Lawrence aliwatumbuiza askari nchini Uingereza, na mwaka 1944 alifika Ufaransa, Normandy, muda mfupi baada ya majeshi ya washirika kutua huko.

Vita vilipokwisha alikuwa akikaribia miaka 50, umri ambao waigizaji wengi wa kike huanza kupewa nafasi za mama na shangazi. Mwaka 1945 alirudi Broadway katika Pygmalion wa Bernard Shaw. Lakini alihitaji mchezo mpya wa kumbeba, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akimwandikia.

Akaamua kuutafuta mwenyewe. Mwanasheria wake, Fanny Holtzmann, alimletea riwaya ya Margaret Landon iliyotolewa mwaka 1944, inayomhusu Anna Leonowens, mjane aliyefika Bangkok mwaka 1862 kufundisha katika kasri la Mfalme Mongkut. Wanahistoria wameonyesha kwamba Leonowens alitia chumvi nyingi katika kumbukumbu zake, na Thailand haikufurahia jinsi mfalme wake alivyochorwa. Lawrence alichokiona ni mwanamke asiye na mume wala mali, anayesimama mbele ya mwenye mamlaka bila kutetemeka.

Holtzmann alikipeleka kisa hicho kwa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, watunzi waliokuwa kileleni kwa Oklahoma! na South Pacific. Wawili hao walisita. Hawakuzoea kutunga kwa ajili ya nyota mmoja, na waliujua udhaifu wa sauti yake. Mwishowe walikubali, lakini kwa uangalifu. Anna alitungiwa nyimbo zenye upeo mfupi, na nyimbo za juu za mahaba wakapewa waimbaji wengine.

Nafasi ya mfalme ilikwenda kwa Yul Brynner, aliyekuwa bado hajulikani sana. Mchezo ulipojaribiwa nje ya New York ulionekana mrefu na mzito kupita kiasi. Lawrence ndiye aliyependekeza kwamba Anna awe na wimbo mmoja na watoto wa mfalme. Rodgers akaufufua muziki aliokuwa ameuacha alipotunga South Pacific, na wimbo huo ukawa miongoni mwa vipenzi vikubwa vya watazamaji.

The King and I ulifunguliwa Machi 29, 1951, katika ukumbi wa St. James. Sehemu iliyosubiriwa kuliko zote ilikuwa pale Anna anapomfundisha mfalme dansi, gauni lake pana lililobuniwa na Irene Sharaff likizunguka jukwaa zima. Mwaka 1952 mchezo ulizoa tuzo tano za Tony, ikiwamo ya mwigizaji bora wa kike kwa Lawrence. Wakati huohuo alikuwa akifundisha uigizaji katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Lakini mwili ulikuwa unadai deni lake. Maleba ya Anna yalikuwa mazito, mchezo ulikuwa mrefu, na alianza kukosa maonyesho kwa maradhi. Sauti ilizidi kuteleza, na baadhi ya watazamaji walianza kunung'unika. Walidhani ni uzee, au uchovu, au uzembe. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akiimba na saratani mwilini.

Majira ya joto ya mwaka 1952 alipumzika kwa wiki chache, Celeste Holm akimshikia nafasi, kisha akarejea. Agosti 16, baada ya onyesho la mchana, alianguka na kupoteza fahamu. Hospitalini ilidhaniwa kwanza kuwa ana ugonjwa wa manjano. Ukweli ulikuja kujulikana kwa kuchelewa: saratani ya ini. Akiwa kitandani aliacha maagizo kwamba jina la Yul Brynner lipandishwe kwenye taa za mbele ya ukumbi, kwa kuwa amestahili. Alifariki dunia Septemba 6, 1952, akiwa na umri wa miaka 54.

Siku ya mazishi, watu wapatao 5,000 walifurika mtaani nje ya kanisa la Presbyterian la Fifth Avenue. Hammerstein, aliyewahi kuwa na wasiwasi na sauti yake, ndiye aliyetoa maneno ya kumuaga. Alizikwa Upton, Massachusetts, katika makaburi ya familia ya Aldrich, akiwa amevishwa gauni la dansi la Anna.

Mchezo haukusimama. Constance Carpenter alichukua nafasi yake, na maonyesho yakafika 1,246. Brynner aliendelea kumwigiza mfalme hadi mwaka 1985, zaidi ya mara 4,600. Katika filamu ya mwaka 1956, Anna aliigizwa na Deborah Kerr. Donna Murphy mwaka 1996 na Kelli O'Hara mwaka 2015 walipata tuzo ya Tony kwa nafasi hiyohiyo ambayo Lawrence aliitafuta alipokosa wa kumtafutia. Filamu ya maisha yake mwenyewe, Star! ya mwaka 1968, iliyochezwa na Julie Andrews, iliambulia hasara.

Kilichobaki kwake ni kidogo: filamu chache ambazo hazikumtendea haki, picha, na santuri. Miongoni mwake ni santuri ya The King and I ya mwaka 1951, ambamo sauti yake inasikika ilivyokuwa, nyembamba na yenye nyufa. Anayeisikiliza bila kumwona anaweza kujiuliza sababu ya taa za miji miwili kufifishwa kwa ajili yake. Jibu walikuwa nalo wale waliokaa ukumbini, na wengi wao sasa wametangulia kumfuata.