Achieng Oneko na Kiti cha Nakuru Mjini, 1966

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru kwa barabara ya kale huiacha nyanda ya juu ya Limuru, akaushuka ukingo wa Bonde la Ufa kona baada ya kona, huku mlima Longonot umemkabili, mpaka akafika Mai Mahiu, mji ambao jina lake kwa Kikuyu maana yake ni maji moto. Kando ya mteremko huo lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliotumikishwa katika ujenzi wa barabara hiyo. Madereva wa malori hutua Mai Mahiu wakala, wakapumua, kisha wakashika njia ya Naivasha, Gilgil na Nakuru. Ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kwamba njia hiyo ina kumbukumbu ya kisiasa pia. Mnamo Machi 1966 uamuzi wa chama ulifanywa huko juu Limuru, na kabla ya miezi mitatu kupita, matokeo yake yalikuwa yameteremka bondeni hadi kwa wapiga kura wa mji wa Nakuru.

Mtu aliyekuwa katikati ya tukio hilo ni Ramogi Achieng Oneko, mbunge wa kwanza wa Nakuru Mjini baada ya uchaguzi wa mwaka 1963. Wasomi wengi humtaja kama mmoja wa wafungwa sita wa Kapenguria, wakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha yake kwa kuegemea tendo moja: kujiuzulu kwake Aprili 1966 na uchaguzi mdogo uliofuata. Tunadai kwamba tendo hilo liliuliza swali ambalo siasa zetu hazijalijibu vyema hadi leo, nalo ni hili: kiti cha bunge ni mali ya nani? Ni cha mbunge, cha chama, au cha mpiga kura?

Malezi na mapambano

Oneko alizaliwa mwaka 1920 huko Uyoma, katika eneo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Siaya. Alisomea Maseno, shule iliyowalea viongozi wengi wa Nyanza wa kizazi chake. Kalamu ndiyo iliyomwingiza katika siasa. Alikuwa mhariri wa Ramogi, gazeti lililoandikwa kwa Kijaluo, na katika kazi hiyo alifungamana na Jaramogi Oginga Odinga, ambaye wakati huo alikuwa akijenga biashara na matbaa ya Waafrika huko Nyanza. Urafiki huo haukuvunjika tena, na ndio uliokuja kumgharimu mengi baadaye.

Alipojiunga na chama cha KAU, Oneko alipanda ngazi haraka. Mwaka 1951 alitumwa Ulaya pamoja na Mbiyu Koinange kuwasilisha malalamiko ya Waafrika juu ya ardhi, mjini London na mbele ya Umoja wa Mataifa uliokuwa ukikutana Paris. Koinange alibaki huko. Oneko akarudi nyumbani kuendelea na kazi ya chama. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, naye akatiwa mbaroni pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Bildad Kaggia na Kung'u Karumba.

Kesi yao ilisikilizwa Kapenguria mbele ya hakimu Ransley Thacker. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Linalostahili kutiliwa mkazo ni kwamba mahakama ya rufani ilimwondolea Oneko hatia mwaka 1954. Hata hivyo, hakwenda nyumbani. Aliwekwa kizuizini kwa amri ya serikali, akapelekwa kisiwa cha Manda karibu na Lamu, alikokuwa pia Pio Gama Pinto. Hivyo basi, mtu asiye na hatia mbele ya sheria alikaa kizuizini hadi mwaka 1961. Kwa jumla alipoteza takriban miaka tisa. Mtu aliyepitia hayo hawezi kudhaniwa kuwa hakujua thamani ya cheo alipokipata, wala uchungu wa kukipoteza.

Uwaziri na mji wa Nakuru

Baada ya kuachiliwa, Oneko alikuwa katibu wa kibinafsi wa Kenyatta. Mwaka 1963 alisimama kwa tiketi ya KANU katika eneobunge la Nakuru Mjini, akashinda. Jambo hili lahitaji kufikiriwa. Nakuru haikuwa nyumbani kwake. Ulikuwa mji wa reli na wa masoko ya mazao ya mashamba ya walowezi, nao ulikusanya watu wa kila kabila: vibarua, makarani, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara wa Kihindi na wengineo. Lugha iliyowakutanisha wakazi hao sokoni na mikutanoni ilikuwa Kiswahili. Kumchagua mtu wa Uyoma katika mji kama huo kulikuwa ushahidi kwamba palikuwa na kura isiyofuata ukoo. Ila kura ya namna hiyo ni kura isiyo na ngome. Leo iko nawe, kesho yaweza kuondoka.

Kenyatta alimteua kuwa waziri wa Habari na Utangazaji, wizara ambayo pia ilishughulikia utalii. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilitaifishwa likawa Sauti ya Kenya. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna haki ya kulikumbuka jambo hili, maana Idhaa ya Taifa ya Kiswahili ilikuja kuwa chuo cha lugha kwa wananchi wengi ambao hawakuwahi kuingia darasani. Aliyekuwa mhariri wa gazeti la lugha ya mama sasa alisimamia chombo kilichosema na taifa zima kwa lugha moja.

Ufa ndani ya KANU

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Chama cha KANU kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja, uliomzunguka Kenyatta na Tom Mboya, ulitaka uchumi ukue kwa kulinda mali ya watu binafsi na kununua ardhi ya walowezi kwa mikopo. Upande wa pili, wa Odinga na Kaggia, ulihoji kwa nini mwananchi aliyenyang'anywa ardhi alipe ili airudishiwe. Waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika uliuthibitisha msimamo wa upande wa kwanza. Kabla ya hapo, mnamo Februari 1965, Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi.

Mwezi wa Machi 1966 wajumbe wa KANU walikutana Limuru. Cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa nacho Odinga, kilifutwa. Mahali pake pakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Odinga alielewa maana yake. Tarehe 14 Aprili alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi. Siku chache baadaye Oneko naye aliacha uwaziri na kuihama KANU, akajiunga na chama kipya cha Kenya People's Union, yaani KPU.

Hapa ndipo uzito wa tendo lake unapoonekana. Oneko hakuwa amefukuzwa. Alikuwa waziri mwenye wizara nyeti, aliyefungwa pamoja na Rais na kumtumikia kama katibu wake. Angaliweza kunyamaza, akaendelea kula matunda ya uhuru alioupigania. Badala yake aliandamana na rafiki aliyeona ameonewa, na sera aliyoiamini.

Sheria na uchaguzi mdogo

Serikali haikukaa kimya. Mwishoni mwa Aprili 1966 bunge lilirekebisha katiba kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwa mujibu wa marekebisho hayo, mbunge aliyekihama chama kilichomdhamini alipoteza kiti chake na kulazimika kuomba kura upya. Yafaa tuseme wazi kwamba Oneko alijiuzulu uwaziri na uanachama kwa hiari yake. Kiti cha Nakuru Mjini hakukiachia, bali kiliondolewa kwake na sheria iliyotungwa baada ya yeye kuhama.

Hoja ya serikali haikuwa tupu. Aliyechaguliwa kwa jina la chama, akakihama, yampasa arudi kwa waliomtuma. Mwenye kuamini demokrasia ataona vigumu kuikataa kanuni hiyo. Lakini mizani haikuwa sawa. Mnamo Novemba 1964 chama cha upinzani cha KADU kilijivunja, na wabunge wake wakavuka kwenda KANU. Hakuna aliyewataka warudi kwa wapiga kura. Kuvuka kuelekea serikalini kulihesabiwa kuwa umoja wa taifa. Kuvuka kutoka serikalini kukahesabiwa kuwa usaliti. Aidha, marekebisho hayo yalijadiliwa kwa Kiingereza, lugha pekee ya bunge wakati huo, kwani Kiswahili hakikuruhusiwa bungeni hadi mwaka 1974. Mpiga kura wa Nakuru alifikiwa na uchaguzi kabla ya kuielewa sheria iliyouleta.

Sheria hiyo ilipotangazwa, baadhi ya wabunge waliokuwa wamehama walitaka kurudi KANU ili kuviokoa viti vyao. Oneko hakurudi. Alijua vyema kwamba Odinga angerudi Bondo, kwa watu wake, ilhali yeye angerudi Nakuru, mji usio na deni la ukoo kwake.

Kampeni zilikuwa fupi. Jogoo wa KANU alipambana na fahali wa KPU. Chama kipya hakikuwa na fedha wala mtandao wa matawi, na hakikupewa nafasi ya maana katika Sauti ya Kenya. Yaani chombo alichokisimamia Oneko hadi miezi miwili kabla sasa kiliwasemea wapinzani wake. Msomaji asilione hilo kuwa kisasi cha majaaliwa tu. Redio iliyowekwa mikononi mwa serikali humtii aliyemo serikalini, na Oneko mwenyewe alishiriki katika kuiweka humo.

Uchaguzi huo, uliokuja kuitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, ulifanyika Juni 1966 kwa viti 29 vya mabunge yote mawili. KPU ilipata viti 9 tu, vingi vikitoka Nyanza, ingawa jumla ya kura zake nchini ilizidi ya KANU. Odinga alishinda Bondo. Kaggia alishindwa Kandara. Oneko alishindwa Nakuru Mjini. Methali yetu husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Siku ile mjini ndiko lilikowika.

Baada ya kushindwa

Wengine wangaliomba msamaha. Oneko alibaki KPU. Julai 1969 Mboya aliuawa, na Oktoba mwaka huo huo ziara ya Rais mjini Kisumu ikaishia kwa risasi na vifo vya raia. KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakakamatwa. Oneko aliwekwa kizuizini mpaka mwaka 1975. Safari hii aliyemfunga hakuwa mkoloni, bali mtu aliyesimama naye kizimbani Kapenguria.

Vyama vingi viliporejea, Oneko alisimama tena. Mwaka 1992 alichaguliwa mbunge wa Rarieda kwa tiketi ya FORD-Kenya, safari hii akiwa nyumbani kwake. Alishindwa mwaka 1997, akastaafu siasa za uchaguzi. Alifariki tarehe 9 Juni 2007, akiwa wa mwisho aliyesalia hai kati ya wale sita wa Kapenguria.

Hitimisho

Tumeona kwamba kujiuzulu kwa Oneko kulimnyima uwaziri, ubunge, na hatimaye uhuru. Je, alikosea hesabu? Kwa kipimo cha cheo, naam. Lakini kipimo hicho ndicho kinachowafanya wanasiasa wengi wakihama vyama bila kuhama maslahi yao. Oneko alihama akijua anakokwenda hakuna cheo.

Kanuni iliyotungwa kwa haraka mwaka 1966 haikufa. Kifungu cha 103 cha Katiba ya mwaka 2010 bado chasema kuwa mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichomdhamini hupoteza kiti. Kanuni ni nzuri ikiwa itawahukumu wanaovuka kwenda kushoto na kulia kwa mizani ile ile. Mwaka 1966 haikuwa hivyo, na hilo ndilo kosa lake, wala si kule kumrudisha mbunge kwa mwenye kiti. Kwani mwenye kiti, kama Nakuru ilivyoonyesha, ni mpiga kura, hata pale anapomnyima mtu tunayemheshimu.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanafunzi wa Kiswahili waandike tawasifu na wasifu wa viongozi wa aina hii kwa lugha ambayo wapiga kura wao waliizungumza. Sheria ya mwaka 1966 iliwafikia watu wa Nakuru kwa lugha ngeni. Historia yake isiwafikie wajukuu wao kwa namna hiyo hiyo.