David Bruce, daktari aliyemfuata mbung'o hadi Entebbe

Sisi tuliorudi Burundi kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, tunamjua vizuri mbung'o. Nikiwa mtoto huko, jirani yetu alianza kusinzia mchana, jembe mkononi. Wengine walimwita mvivu, wengine wakasema karogwa. Alipofikishwa hospitali alikuwa amechelewa.

Leo nafundisha Gitega, na kila nikisimulia kisa hicho wanafunzi huuliza ni nani aliyefichua siri ya malale. Ndipo nawaeleza habari za David Bruce.

Bwana huyu alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akasomea udaktari Edinburgh na kuingia jeshi la Uingereza. Mwaka 1894 alipelekwa Zululand, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa nagana. Maabara yake ilikuwa kibanda cha udongo, na msaidizi wake mkuu alikuwa mkewe, Mary, aliyechora waliyoyaona kwenye hadubini. Ndani ya damu ya ng'ombe walikuta kimelea kinachojipinda-pinda. Mwaka 1899 kilipewa jina lake, Trypanosoma brucei. Malale ya binadamu huletwa na aina zake mbili.

Haki isemwe: Bruce alipofika Entebbe mwaka 1903, Mtaliano Aldo Castellani alikuwa ameshaviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alimtafuta mbebaji. Aliomba machifu na wamisionari wamtumie nzi kutoka kila upande, akalinganisha palipo na ugonjwa na palipo na mbung'o. Palikuwa pale pale. Kando ya Ziwa Victoria, gonjwa hilo liliua watu zaidi ya 200,000.

Lakini kwa nini mgonjwa asinzie? Hilo Bruce hakulijua. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba kimelea hicho kina kimeng'enya chake cha kutengeneza prostaglandini, kemikali za mafuta zinazofanya kazi kama homoni, sawa na zile za miili yetu. Mojawapo, D2, huleta usingizi, na kwa wagonjwa walioelemewa imekutwa kwa wingi katika maji ya uti wa mgongo. Nyingine, F2-alfa, hubana mfuko wa uzazi. Na wafugaji wanajua kuwa ng'ombe mwenye nagana huharibu mimba.

Jirani yetu hakuwa mvivu.

Nanyi wafanyabiashara mnaotoka Muyinga kupitia Kobero na kukatiza mapori ya Tanzania, homa ikiwashika, mwambieni daktari mlikopita. Si kila homa ni malaria.

Bruce alifariki London tarehe 27 Novemba 1931, wakati Mary, aliyemtangulia kwa siku nne, akizikwa.