Padri Clavius na hesabu ya mwezi

Mwaka wa 1560, siku ya 21 ya mwezi wa Agosti, watu wa mji wa Coimbra, katika inchi ya Ureno, walishikwa na hofu kubwa. Ilikuwa mchana, lakini jua likafunikwa na giza likaingia. Nyota zikaonekana, na ndege wakaanguka chini kwa woga. Kati ya watu waliotazama juu alikuwako kijana mmoja Mjerumani, jina lake Christopher Clavius. Yeye alijua sababu: mwezi ulikuwa umepita mbele ya jua na kuuziba mwanga wake.

Clavius alizaliwa mwaka wa 1538 katika mji wa Bamberg. Alipokuwa na miaka 17 aliingia Shirika la Yezu huko Roma, na wakubwa wake wakamtuma Coimbra kusoma. Kisha alirudi Roma, akawa padri, akafundisha hesabu katika chuo kikubwa cha shirika lake zaidi ya miaka 40. Mwanafunzi wake mmoja, Matteo Ricci, alikwenda mpaka inchi ya China, na huko akafundisha hesabu aliyoipata kwa Clavius.

Siku zile kalenda ilikuwa imeharibika. Sikukuu ya Pasaka hufuata mwezi: ni Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu ulio siku ya 21 ya Machi au nyuma yake. Basi ilipasa kujua mbele mwezi utakuwa mpevu siku gani.

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Unaangazwa na jua, tena unaizunguka dunia. Ukiwa upande wa jua, watu hawaoni sehemu yake yenye mwanga, nao umefichika. Baada ya siku moja au mbili unaonekana mwembamba kama mundu. Ukiwa upande mwingine, na dunia iko katikati, unaonekana mzima. Halafu unapungua mpaka kufichika tena. Safari hiyo ni ya siku 29 na nusu na kitu kidogo.

Safari 12 za namna hiyo ni siku 354. Mwaka wa jua una siku 365. Tofauti ni siku 11. Basi kama siku ya kwanza ya Januari mwezi una siku 5 tangu kuandama, mwaka wa pili, siku ile ile, utakuwa na siku 16. Mwaka wa tatu utakuwa na siku 27. Mwaka wa nne ni 38. Ondoa 30, zinabaki 8. Hata watu wa kale walijua kwamba miaka 19 ikipita, mwezi hurudi karibu na tarehe zile zile.

Karibu, lakini si kamili. Katika kila miaka 19 hesabu ilikosa kama saa moja na nusu. Kosa hilo ni dogo, na mtu mmoja hawezi kuliona maisha yake yote. Lakini miaka 300 ikipita, linakuwa siku nzima. Wakati wa Clavius kalenda iliukosa mwezi kwa siku 4 hivi, na jua kwa siku 10.

Papa Gregori wa 13 akakusanya watu wenye elimu. Mganga mmoja wa Italia, Aloysius Lilius, alikuwa amepata njia ya kusahihisha hesabu zote mbili, lakini alikufa mwaka wa 1576, asione matunda ya kazi yake. Ndugu yake akayapeleka maandiko yake kwa Papa. Clavius na wenzake wakayapima na kuyatengeneza. Mwaka wa 1582 Papa akaamuru kwamba Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ifuatwe na Ijumaa ya tarehe 15.

Watu wengi walinung'unika. Hata wenye elimu, kama Scaliger na Viète, waliandika kwamba kalenda mpya ina makosa. Clavius akawajibu kwa hesabu. Mwaka wa 1603 alitoa kitabu kikubwa cha kueleza kalenda yote, na humo hakuficha jina la Lilius. Uingereza ilikataa muda mrefu. Mwaka wa 1752 nayo ikakubali.

Clavius alipokuwa mzee, Galileo alitazama mbinguni kwa darubini. Kwanza Clavius hakusadiki. Lakini mapadri wa chuo chake walipotazama wenyewe, alikubali kwamba Zuhura huonekana mwembamba na mzima kama mwezi. Neno moja tu lilimshinda: kwamba mwezi una milima na mabonde.

Alikufa Roma mwaka wa 1612. Mwaka wa 1651 Padri Riccioli, wa shirika lile lile, alitoa ramani ya mwezi. Bonde moja la mviringo, lenye upana wa zaidi ya kilometa 200, akaliita Clavius. Na kalenda inayotundikwa leo ukutani mwa shule ni ile aliyoitetea.

Maulizo
1. Kwa nini mwezi huonekana mwembamba, kisha mzima?
2. Kosa la saa moja na nusu lilikuwaje siku nzima?
3. Mwezi una siku 8 tangu kuandama siku ya kwanza ya Januari. Mwaka unaofuata utakuwa na siku ngapi?