McIndoe, daktari wa walioungua aliyekuwa na shamba Kilimanjaro

Kama una mtoto mdogo nyumbani na jiko linawaka, makala ya leo inakuhusu, ingawa inaanzia mbali, kwenye ndege za kivita za Uingereza. Nataka nikusimulie maisha ya Archibald McIndoe, daktari wa upasuaji aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Humkumbuka kila anapoletwa mtoto kliniki akiwa amefunikwa khanga usoni, nami nikiinua khanga nakuta dawa ya meno, ute wa yai au unga wa ngano umegandamana na kidonda.

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900, katika mji wa Dunedin, New Zealand. Baba yake alikuwa mchapaji na mama yake mchoraji wa picha. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Otago, kisha akapata ufadhili wa kwenda Mayo Clinic nchini Marekani. Huko hakujifunza mambo ya ngozi hata kidogo. Alikuwa daktari wa tumbo na ini, tena hodari. Mwaka 1930 alihamia London akitarajia kupata kazi nzuri, akakuta hakuna kazi. Aliyemwokoa ni ndugu yake wa ukoo, Sir Harold Gillies, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa New Zealand.

Lazima nikueleze kidogo habari za Gillies, maana bila yeye hatuwezi kumwelewa McIndoe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Gillies aliwatibu askari waliopasuliwa nyuso na risasi na mabomu katika hospitali ya Sidcup, karibu na London. Mwaka 1917 alianza kutumia njia ya bomba la ngozi. Daktari anachana ukanda wa ngozi kifuani au tumboni, lakini hauondoi. Anauacha umeshikana na mwili kwenye ncha zote mbili ili damu iendelee kupita. Kisha anaukunja na kuushona uwe kama bomba. Baada ya wiki kadhaa anakata ncha moja na kuipachika mahali penye shida, kwa mfano puani. Ikishashika, anakata ncha ya pili. Mgonjwa hutembea miezi na kitu kama mkonga wa tembo mdogo. Kazi ilikuwa ya ajabu, lakini kulikuwa na jambo jingine pale Sidcup. Vioo vilikatazwa wodini, na baadhi ya mabenchi ya barabarani yalipakwa rangi ya buluu ili wakazi wa mji wajue kwamba anayekaa pale anaweza kuwa na uso wa kutisha. Shika habari hiyo ya mabenchi, tutairudia.

McIndoe alijifunza kazi hiyo mpya chini ya ndugu yake. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, madaktari waliokuwa wakifanya upasuaji huo peke yake katika Uingereza nzima walikuwa wanne tu. Yeye akapelekwa hospitali ndogo ya Queen Victoria katika mji wa East Grinstead, kusini mwa London, awahudumie askari wa jeshi la anga.

Mwaka 1940 walianza kuletwa marubani. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Ndege aina ya Hurricane ilikuwa na tangi la mafuta mbele ya rubani. Likipigwa risasi, moto ulimjia usoni, na kwa sekunde chache alizohitaji kufungua kifuniko na kuruka, aliungua uso na mikono. Aliyekuwa amevua glovu au miwani aliumia zaidi.

Dawa ya wakati huo ilikuwa asidi ya taniki. Ni jamii ya kile kitu kinachoyapa majani ya chai ukakasi, na ndicho wanachotumia watengeneza ngozi kuikausha ngozi ya ng'ombe. Walioungua walipakwa asidi hiyo, kidonda kikafanya ganda gumu jeusi. Madaktari waliona ganda hilo ni kinga. Kwa mtu aliyeungua mgongoni huenda halikuwa na madhara makubwa sana, lakini hebu fikiria ganda gumu kwenye vidole na kwenye kope. Chini yake usaha unajikusanya. Juu yake vidole vinavutwa na kujikunja kama makucha. Kope zinavutwa nyuma, jicho halifungi, na jicho lisilofunga hukauka hadi kupofuka.

Mmoja wa waliopitia hayo ni rubani Richard Hillary, aliyetunguliwa Septemba 1940 na kuelea baharini muda mrefu kabla mashua ya uokoaji haijamkuta. Mikono yake ilipakwa asidi ya taniki. McIndoe alipomwona, alijua la kwanza si urembo wa uso. Ni kumpa kope mpya ili macho yasalimike. Alimtengenezea. Baadaye Hillary aliandika kitabu kuhusu maisha yake, akarudi kurusha ndege, na Januari 1943 akafa katika ajali akiwa mafunzoni.

Katika wagonjwa wake McIndoe aligundua jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani. Marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa laini na safi kuliko vya walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwaogesha wagonjwa katika mabafu ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi iliyopimwa. Bendeji zilitoka zenyewe majini bila kuvutwa na kuchuna, vidonda vilisafishika, na vidole viliweza kukunjwa na kunyooshwa mle majini. Baada ya kuoga, kidonda kilifunikwa kwa kitambaa laini chenye vaselini. Alipigana na wakubwa hadi asidi ya taniki ikaachwa kwenye nyuso na mikono.

Hapa nakuomba usinielewe vibaya. Sijasema umwage chumvi kwenye kidonda cha mwanao, wala umpeleke baharini. Yale yalikuwa maji ya hospitali, yaliyotayarishwa kwa kipimo, chini ya uangalizi. Cha kuchukua kwake ni kwamba kidonda cha moto hakitaki kufunikwa na kitu kinachoganda. Dawa ya meno inaganda. Yai linaganda, tena ni chakula kizuri cha vijidudu. Unga, majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya breki, vyote nimeviona, na vyote huniongezea kazi ya kukwangua kabla sijakiona kidonda chenyewe. Mtoto analia mara mbili: siku aliyoungua na siku ninapomsafisha.

Mtoto akimwagikiwa chai au uji wa moto, mwondoe kwenye moto, mvue nguo iliyolowa isipokuwa iliyonata kwenye ngozi, mvue bangili au pete kabla hajavimba. Kisha mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida, ya bomba au ya ndoo kwa kopo, dakika 20 kamili. Dakika 20 ni ndefu mtoto akilia, kwa hiyo tazama saa. Usitumie barafu. Mwili uliobaki mfunike asipate baridi, hasa akiwa mchanga. Usipasue malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi, uende hospitali. Usingoje kesho kama ameungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kwenye viungo, kama ni umeme, au kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake mwenyewe. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Katika hili hawakuwa wakizungumzia ngozi, na yule anayekwambia umsogeze mtoto karibu na jiko ili moto "utoke" usimsikilize.

Turudi East Grinstead. Kupandikiza ngozi hakumalizwi kwa siku moja. Wapo waliofanyiwa upasuaji mara 20 na zaidi kwa miaka mingi. McIndoe aliona kuwa kijana anayekaa miaka wodini, hana vidole, hana pua, akisubiri upasuaji wa kumi na tano, anaweza kukata tamaa hata kama kila upandikizaji umeshika. Basi akaanza kuvunja taratibu. Aliondoa yale magwanda ya buluu waliyovalishwa wagonjwa wa jeshi, akawaruhusu wavae sare zao za kazi. Akaweka piano wodini. Akaweka na pipa la bia. (La bia silipendekezi, mtanisamehe.) Aliwagombania wabaki kwenye malipo yao jeshini wakati matibabu yakiendelea, badala ya kuachishwa kazi kwa sababu wamekaa hospitali muda mrefu.

Kisha akatoka nje ya hospitali. Yeye na marafiki zake walizungumza na wenyeji wa mji, wakawaomba wawaalike vijana hao majumbani kula, wawapishe kwenye sinema na baa, na wanapokutana nao wawatazame kama wanavyomtazama mtu mwingine yeyote. Wenyeji wakakubali. Hapo ndipo zile benchi za buluu za Sidcup zinaponijia akilini. Kule mji ulionywa ili usishtuke; hapa mji ulizoeshwa. East Grinstead ukapata jina la mji usiokodoa macho, na wapo wagonjwa waliooa na kuhamia huko moja kwa moja.

Julai 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao, wakakiita Chama cha Simbilisi, kwa sababu simbilisi ndiye mnyama wa majaribio maabara na wao walijiona ndio majaribio ya daktari. Mzaha wao ulikuwa mkali. Mweka hazina walimchagua aliyeungua miguu ili asiweze kukimbia na fedha, na katibu aliyeungua mikono ili asiandike kumbukumbu ndefu. Vita ilipokwisha, chama kilikuwa na wanachama 649. Kiliendelea kukutana kila mwaka kwa miongo kadhaa.

Nisikufanye uone alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kiburi cha kutosha, na uhusiano wake na Gillies aliyemfundisha uliingia doa. Pia aliwaacha wagonjwa wawatanie wauguzi wa kike kupita kiasi, akiamini inawarudishia vijana wale ujasiri wa kiume. Mimi ni mwanamke na nimefanya kazi wodini miaka mingi, hilo simsifii. Wauguzi walikuwa kazini, hawakuwa sehemu ya dawa.

Baada ya vita alipewa heshima ya Sir mwaka 1947. Na hapa ndipo maisha yake yanapofika kwetu. McIndoe alipata shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Tanganyika. Mmoja wa madaktari aliowafundisha upasuaji huu alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kenya, ambaye pia alijua kurusha ndege. Mwingine alikuwa Tom Rees, Mmarekani. Mwaka 1956, chini ya mlima huo, watatu hao walizungumza jinsi ya kuwafikia wagonjwa walio siku nyingi za barabara mbovu kutoka hospitali yoyote. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege. Ndiyo AMREF unayoifahamu, ambayo makao yake makuu yapo Nairobi.

Wengi hawajui kwamba shirika hilo lilianzishwa na madaktari wa upasuaji wa namna hii. Mimi sishangai. Katika nchi ambayo familia inapika kwenye mafiga, watoto wanatambaa karibu na moto na mwenye kifafa anaweza kuangukia jikoni, kovu linalovuta kidevu kikagusa kifua au linaloshikanisha mkono na kwapa ni jambo ambalo kila daktari wa wilaya amewahi kuliona.

McIndoe alifariki usingizini Aprili 1960, akiwa na miaka 59. Majivu yake yamewekwa St Clement Danes, kanisa la jeshi la anga jijini London.

Sasa nikuambie kwa nini nimemchagua wiki hii. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea binti wa miaka tisa. Aliungua mkono akiwa na miaka miwili, kidonda kilipona nyumbani, vidole vitatu vikajikunja na kushikana na kiganja. Miaka saba mama alikuwa akimvalisha mikono mirefu, na shule alikuwa hajaanza, kwa sababu watoto wa jirani walimcheka. Mama alidhani kidonda kikishapona, hospitali haina tena la kufanya.

Lipo la kufanya. Vidole vile vinaweza kufunguliwa na ngozi ikapandikizwa, na ingawa mapema ni bora, miaka saba haijafunga mlango. Baada ya upasuaji kuna kufungwa kibao usiku na mazoezi ya kila siku kwa miezi mingi, na hapo kazi kubwa ni ya mzazi kuliko yangu. Kama una mtoto wa namna hiyo, omba rufaa kwenda hospitali ya rufaa yenye kliniki ya upasuaji wa kurekebisha viungo na ngozi, na uliza pia kama kuna kambi za madaktari bingwa zinazopita mkoani kwako. Ukifika, utaulizwa aliungua lini, kwa kitu gani, na siku ile kidonda kiliwekwa nini. Sema ukweli. Hata kama ni dawa ya meno, hatutakugombeza.