Padre Alexis Kagame na Maneno Manne

Katika wenyeji wa nchi zetu za Maziwa Makuu waliojipatia jina kwa elimu, wachache hutajwa katika vyuo vya mbali kama Padre Alexis Kagame wa Rwanda. Wanafunzi wengi humjua kuwa mwandishi wa historia tu. Lakini alikuwa pia mwanafalsafa, na swali alilolishughulikia ni lile ambalo kila mtoto anayejifunza kusema hulijibu pasipo kujua. Vitu vya ulimwengu ni vingi kupita hesabu. Je, akili ya mtu huvipanga katika mafungu gani, na mipaka ya mafungu hayo ni imara kiasi gani?

Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 mahali paitwapo Kiyanza, katika Rwanda, wakati nchi hizi zilipokuwa chini ya Wajerumani. Jamaa yake walikuwa watu wa karibu na baraza la mfalme, na kukumbuka habari za wafalme kulikuwa desturi kwao. Kijana huyu akasoma Ruhengeri, kisha akaingia seminari ndogo ya Kabgayi, na baadaye akamaliza masomo yake katika seminari kuu ya Nyakibanda. Mwaka 1941 akapewa daraja takatifu ya upadre.

Hata kabla ya kuwa padre alikuwa amekwisha kuanza kazi iliyomshika maisha yake yote, yaani kuwaendea wazee na kuandika mambo waliyoyahifadhi vichwani. Mfalme Mutara Rudahigwa alimsaidia ili walinzi wa siri za baraza wakubali kusema naye. Kagame alihariri gazeti la Kinyamateka, akaandika historia ya nchi yake katika kitabu Inganji Karinga mwaka 1943, na mwaka 1951 akatoa kitabu kikubwa juu ya mashairi ya kuwasifu wafalme. Wala hakuwa mtu wa kununa. Kwa desturi washairi wa Rwanda walisifu ng'ombe. Yeye mwaka 1949 akatoa utenzi wa kumsifu nguruwe, anayevitia viazi utamu. Watu wakacheka sana, maana sifa za fungu moja la wanyama zimehamishiwa fungu jingine. Tangu hapo mtu angeweza kuona kwamba padre huyu alipenda kujua mipaka ya mafungu iko wapi.

Mwaka 1950 alipokelewa katika chuo cha kifalme cha Ubelgiji kilichoshughulika na elimu ya makoloni. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu juu ya sheria na utawala wa Rwanda ya zamani. Wakuu wa serikali ya Kibelgiji hawakukipenda, nao wakamshurutisha askofu amwondoe nchini. Basi Kagame akapelekwa Roma. Waliomtuma huko walitaka anyamaze. Kumbe walimpa nafasi ya kusoma. Akaingia Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka 1955 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda kilipigwa chapa Brussels mwaka 1956.

Ili kukielewa kitabu hicho, lazima kwanza tukumbuke kingine. Mwaka 1945 Padre Placide Tempels, Mbelgiji aliyekuwa mmisionari Katanga, alitoa kitabu kidogo juu ya falsafa ya Wabantu, nacho kilivuma sana. Kagame hakutosheka nacho. Aliona kwamba mgeni hawezi kusema Wabantu wote wanafikiri hivi au vile bila ushahidi ambao kila mtu anaweza kuukagua. Ushahidi huo, alidhani, umo katika lugha. Lugha haikutungwa na mtu mmoja ili kumpendeza mgeni. Imefanywa na vizazi vingi, na jinsi inavyoyagawa majina yaonyesha jinsi wenyewe wanavyovigawa vitu.

Sasa tutazame alivyofanya. Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba kila jambo tunaloweza kulitaja huingia katika mafungu kumi: kitu chenyewe, wingi, sifa, uhusiano, mahali, wakati, namna ya kukaa, kuwa na kitu, kutenda na kutendwa. Kagame akayatazama majina ya Kinyarwanda, akaona kwamba ngeli ni nyingi, lakini zote zaweza kukusanywa chini ya maneno manne yenye shina moja, ntu. Nasi tunaosema Kirundi twayajua bila kufundishwa, kwani ni yale yale: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Umuntu ni kilicho na akili. Ikintu ni kisicho na akili, awe mnyama, uwe mti au liwe jiwe. Ahantu ni mahali, na wakati pia. Ukuntu ni namna, na humo huingia yote saba yaliyobaki. Hivyo kumi za Aristotle zikawa nne: kitu chenyewe kikagawanywa sehemu mbili, mahali na wakati vikaunganishwa, na mengine yakawekwa chini ya paa moja.

Kiswahili kina mtu na kitu kwa wazi. Neno la tatu kimelipoteza, na badala yake kikaazima mahali kutoka Kiarabu. Hata hivyo mgeni huyo alipoingia nyumbani alivikwa nguo ya ukoo: twasema mahali pazuri, wala hatusemi mahali mzuri. Neno limekuja kutoka ng'ambo ya bahari, lakini fungu lilikuwapo likilingoja.

Liko jambo jingine la kushangaza. Shina ntu peke yake si neno. Hakuna mtu sokoni atakayekuuzia ntu, wala mama atakayemwita mwanawe hivyo. Vivyo hivyo umu peke yake haina maana. Viunganishe, na mara anatokea umuntu, ambaye hakuwamo katika kipande hiki wala kile. Mambo mengi ya dunia huwa hivyo. Tone moja la maji halina wimbi, lakini ziwa Tanganyika lina mawimbi. Mwanafunzi mmoja si shule; walimu na wanafunzi huja na kuondoka mwaka kwa mwaka, na shule hubaki. Kitu kizima huweza kuwa na tabia ambayo hakuna sehemu yake moja iliyo nayo.

Je, mpango wa Kagame hauna kasoro? La, wako waliomjibu, na majibu yao yafaa yapimwe. Wa kwanza ni lugha yenyewe. Katika Kirundi mtoto mchanga huitwa uruhinja, na mzaliwa wa kwanza huitwa imfura. Majina hayo hayamo katika ngeli ya umuntu, lakini nani atasema kwamba hao si watu? Katika Kiswahili kijana, kiongozi na kipofu huanza kama kitu, ila hutenda kama mtu. Na zaidi ya hayo, Mswahili husema mbwa wangu, lakini husema rafiki yangu. Kama sarufi ingekuwa ramani kamili ya akili, tungelazimika kusema kwamba Mswahili humhesabu mbwa kuwa mtu na rafiki kuwa kitu! Ni wazi kwamba si hivyo. Kagame aliijua hatari hiyo, ndiyo sababu hakuitegemea ngeli moja moja, bali aliyakusanya majina kwa maana zake. Lakini akishafanya hivyo, mwenye kugawa ni nani, lugha au Kagame? Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin alikaza neno hilo: falsafa haikulala ndani ya lugha ya taifa zima ikingoja kuamshwa, ni kazi ya mtu mwenye jina lake, anayetoa hoja na kukubali kupingwa.

Jibu la pili ni la zamani zaidi. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Eubulides wa Mileto aliuliza kitendawili cha lundo. Weka lundo la maharagwe chini. Ondoa punje moja. Bado ni lundo. Ondoa nyingine, bado. Ukiendelea hivyo utabaki na punje moja, na hiyo si lundo. Je, ni punje ipi iliyoliondoa jina? Hakuna awezaye kuionyesha. Sisi wa Kiriri tuna kitendawili hicho chini ya miguu yetu. Mtu akipanda kutoka katikati ya mji wa Bujumbura, hawezi kukuonyesha jiwe ambalo hapo tambarare inakwisha na kilima kinaanza. Hata hivyo, anayeshuka kuchota maji na kupanda tena na ndoo kichwani hana shaka kwamba kilima kipo.

Hapo tuangalie vema, maana watu hupotea kwa njia mbili. Wengine husema: mpaka hauonekani, basi hakuna tofauti. Hao wamekosea, kwani usiku si mchana hata kama hakuna dakika moja iliyovitenga. Wengine husema: tofauti ipo, basi lazima kuwe na mpaka mkali. Hao wamekosea zaidi, nao wakiwa na mamlaka huujenga mpaka huo kwa nguvu.

Ndivyo ilivyofanyika katika nchi zetu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliandika katika vyeti vya watu wa Rwanda kwamba huyu ni Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Majina hayo yalikuwapo tangu zamani, na tofauti za cheo na mali zilikuwapo pia. Lakini kingo zake hazikuwa ukuta, na mtu aliyepata ng'ombe wengi aliweza kuvuka. Karatasi haikumruhusu kuvuka. Mwaka 1994 cheti hicho kilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Nasi wa Burundi, ambao tumeiona miaka ya 1972 na 1993, hatuna haja ya kufundishwa na jirani maana ya kugawanywa.

Kagame mwenyewe hakuwa nje ya mambo haya. Aliandika historia akikaa upande wa baraza la mfalme, na wanahistoria kama Jan Vansina walizipinga tarehe zake na kumlaumu kwa kuyasadiki mno maneno ya wakubwa. Lawama hiyo ina haki. Lakini katika kitabu chake cha falsafa, ambamo aliutafuta mgawanyo wa kwanza kabisa wa vyote vilivyomo, hakuna fungu la kabila. Kuna umuntu, kisha vile visivyo umuntu. Mhutu, Mtutsi, Mtwa na Mzungu wote wamo katika neno moja.

Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa. Wakauawa vijana 40. Sidhani kwamba walikuwa wakifikiri juu ya falsafa saa ile. Ila waliulizwa swali lile lile, la kwamba binadamu wapangwe katika mafungu gani, nao wakalijibu.

Kagame alirudi Rwanda mwaka 1958, akafundisha, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Taifa kilichofunguliwa Butare mwaka 1963. Mwaka 1976 akatoa kitabu kingine kikubwa, akilinganisha lugha za Kibantu za nchi nyingi ili aone kama maneno yake manne yanasimama nje ya Rwanda. Huo ni mwenendo mzuri kwa mtu mwenye sifa: hakukaa juu ya hoja yake, bali aliipeleka mbali ipimwe. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, akiwa na umri wa miaka 69.

Enyi wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia katika madawati haya, lugha zetu ni mali ya kuchunguzwa, wala si ya kusemwa tu. Tukigawa vitu, na tugawe, maana bila kugawa hatuwezi kufikiri. Lakini kila tuchorapo mstari tuulize ni nani aliyeuchora, kwa kusudi gani, na ni nani atakayeachwa upande wa pili.